Kuweka video za fomati tofauti kwenye DVD moja: mambo ya kujua kabla ya kuchoma

Ukitaja Embu huku Mombasa, wengi watakujibu kwa neno moja: muguka. Kwangu mimi Embu ni ukweni. Wakwe zangu wanakaa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Jina la mtaa huo huwachanganya watu, maana shemeji yangu, mtoto wa nyumba hiyo hiyo, anaishi Dallas ile nyingine, ya Texas huko Marekani.

Mama mkwe ni mjane. Ana televisheni, ana deki ya DVD, na simu yake ni kabambe. Mwaka jana alituomba jambo moja tu: awekewe kwenye diski moja harusi yetu, mazishi ya mzee, salamu za mwanawe wa Marekani, na zile dakika nne ambazo mzee alirekodiwa akiwabariki wajukuu miezi michache kabla ya kufariki. "Nikitaka kumsikia mzee niweke diski nibonyeze tu," alituambia. "Sitaki kila siku niwe naomba simu ya mtu."

Ombi lilionekana dogo. Tukapeleka kila kitu kwenye duka moja mjini. Kijana wa pale akazitupa faili zote kwenye diski kama zilivyo, akapokea pesa yake. Kufika nyumbani, deki ikaonyesha majina ya faili mbili tatu, moja ikatoa sauti bila picha, zilizobaki ikazikataa. Kibaya zaidi, memori kadi iliyokuwa na baraka za mzee ilirudi tupu. Tuliokolewa na mpwa mmoja ambaye aliwahi kujinakilia faili ile kwenye laptopu yake. Bila yeye, sauti ya mzee ingekuwa imepotea milele.

Tangu siku hiyo kazi hii naifanya mwenyewe. Haya hapa ndiyo niliyojifunza, kwa faida ya yeyote mwenye mama au bibi anayetegemea deki.

Kwanza nakili, ndipo ufanye kazi

Kabla ya kufungua programu yoyote, nakili faili zote asili kwenye kompyuta, kisha zinakili tena kwenye flashi au hadi diski ya nje. Fanya kazi na nakala. Kadi ya kamera na simu ya zamani zirudishe kabatini, usizipe mtu akaondoka nazo.

Ukilazimika kupeleka dukani, peleka flashi yenye nakala. Usipeleke kadi asili hata kama mwenye duka ni jirani yako.

Kama video ipo kwenye simu ya jamaa aliye mbali, usikubali akutumie kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. WhatsApp huibana video ili iwe nyepesi, na picha hupoteza ubora. Mwambie aitume kama waraka, yaani kwa sehemu ile ya kutuma dokumenti. Kwa njia hiyo faili hufika ilivyo. Tangu mwaka 2022 WhatsApp inaruhusu faili ya hadi gigabaiti 2 kutumwa hivyo.

DVD ya video na diski ya data ni vitu viwili

Hapa ndipo kijana wa dukani alipokosea. Diski ya data ni kama flashi: unaweka faili yoyote na kompyuta itaisoma. Deki nayo inatafuta DVD ya video, ambayo ina mpangilio wake maalumu. Ndani yake kuna folda inayoitwa VIDEO_TS, na ndani ya folda hiyo kuna faili zenye herufi VOB, IFO na BUP mwishoni. VOB hubeba picha na sauti. IFO huielekeza deki ianzie wapi na menyu iko wapi. BUP ni akiba ya IFO.

Picha iliyomo lazima iwe imebanwa kwa njia ya MPEG-2. Sauti iwe AC-3, MP2 au PCM, kwa kipimo cha kilohezi 48. Picha ikiwa MP4 ya simu, deki ya kawaida haiitambui. Zipo deki zenye uwezo wa kusoma MP4 au AVI kutoka kwa diski ya data au flashi, lakini usikisie. Kama hujui deki ya nyumbani kwenu inaweza nini, tengeneza DVD ya video kamili.

Kila faili inatoka wapi

Watu wengi huangalia herufi za mwisho wa jina la faili na kudhani wamemaliza. Herufi hizo ni jina la chombo. Kilichomo ndani ya chombo, yaani namna picha ilivyobanwa, huitwa kodeki. Faili mbili za MP4 zinaweza kuwa na kodeki tofauti, moja ikafunguka na nyingine ikagoma.

Kwetu zilikuwa za aina nne. Pengine na zako zitafanana nazo.

3GP ni ya simu za zamani. Baraka za mzee zilikuwa za aina hii. Nyingi zina picha ya pikseli 176 kwa 144, na sauti nyembamba ya kilohezi 8. Ukiitanua picha hiyo ijaze televisheni haitakuwa safi zaidi, itakuwa kubwa tu. Mimi niliiacha ndogo kiasi katikati ya skrini, pembeni kukiwa na weusi, na uso wa mzee ukaonekana vizuri kuliko ukitanuliwa.

MTS ni ya kamera za AVCHD, aina ya rekodi iliyoletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Wapiga video wengi wa harusi walizitumia. Kamera hizi hukata rekodi ndefu vipande vipande, hivyo nakili folda nzima, na uviunganishe kwa mpangilio wa namba. Mara nyingi picha yake imesukwa kwa mistari inayopishana. Ukikosea mpangilio wa mistari hiyo wakati wa kugeuza, mtu anayetembea huonekana na kingo zenye meno kama chanuo.

MP4 ni ya simu janja nyingi. Ndani yake kwa kawaida kuna H.264 na sauti ya AAC. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, ila ina tatizo lake nitakalolieleza chini.

MOV ni ya iPhone. Tangu iOS 11 iliyotoka mwaka 2017, iPhone nyingi hurekodi kwa kodeki ya HEVC ili kuokoa nafasi, na programu za zamani za DVD haziijui. Ama tumia programu mpya, ama mwambie mwenye simu aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, achague ile inayokubalika na vifaa vingi kabla ya kurekodi.

Unaweza pia kukutana na AVI ya kamera za zamani, au DAT ya VCD. Ile ya VCD tayari ni MPEG-1 yenye pikseli 352 kwa 288, hivyo usitegemee makubwa kwenye ubora wake.

Dallas ya Embu na Dallas ya Texas

Kenya, kama Tanzania na Uganda, ilifuata mfumo wa PAL. Kwenye DVD, PAL ni pikseli 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde. Marekani ilifuata NTSC, ambayo ni pikseli 720 kwa 480 na fremu 29.97 kwa sekunde. Diski moja ya nyumbani hutengenezwa kwa mfumo mmoja, kwa hiyo chagua mmoja na ugeuze kila kitu kiufuate.

Ya mama mkwe tulitengeneza kwa PAL. Video za shemeji kutoka Texas zilikuwa na fremu 30, zikashushwa hadi 25. Ukitazama kwa makini utaona mruko mdogo mtu anapokwenda kwa haraka, lakini hausumbui.

Deki nyingi zinazouzwa kwetu hucheza mifumo yote miwili. Deki za Marekani mara nyingi hucheza NTSC peke yake. Kwa hiyo shemeji alipotaka nakala, hatukumtumia diski ya Embu. Tulimtumia faili zenyewe. Kama mtu wenu wa ng'ambo anasisitiza diski, mtengenezee yake ya NTSC kutoka kwa faili asili. Usigeuze ile ya PAL mara ya pili, maana kila ugeuzaji unapunguza ubora.

Kuhusu kanda za dunia zinazowekwa kwenye DVD za filamu, ambapo sehemu kubwa ya Afrika iko kanda ya 5, usiwe na wasiwasi. Diski ya nyumbani ikiachwa bila kanda huchezwa popote, mradi mfumo wa picha unakubalika.

Hesabu ya nafasi

DVD ya kawaida ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Kompyuta itakuonyesha kama 4.38 kwa sababu inahesabu kwa njia nyingine. Hujaibiwa. Ya matabaka mawili hubeba 8.5, lakini ni ghali na deki nyingine za zamani huikataa.

Ukubwa wa faili ulizonazo hauna maana hapa. Faili ya 3GP ya megabaiti 3 na ya kamera ya gigabaiti 2 zote zitageuzwa MPEG-2. Kinachohesabika ni dakika.

Hesabu ni hii. Gigabaiti 4.7 ni kama megabiti 37,600. Gawanya kwa jumla ya sekunde za video zako zote, utapata megabiti ngapi zinaweza kutumika kila sekunde. Saa moja hukupa zaidi ya 10, ila kanuni ya DVD hairuhusu picha kupita 9.8, na mimi sipitishi 8 ili deki isikwame. Saa mbili hukupa 5.2, na hapo picha bado ni nzuri. Saa tatu hukupa karibu 3.5, na picha huanza kuvunjika kwenye ngoma na shamrashamra. Zaidi ya hapo, tengeneza diski mbili.

Kwetu harusi ilikuwa dakika 95, mazishi 40, salamu za shemeji 11 na baraka za mzee 4. Jumla 150, sawa na sekunde 9,000. Hesabu ikaleta karibu 4.2. Nikatoa sehemu ya sauti na akiba ya menyu, nikaweka 3.7. Programu nyingi hufanya hesabu hii zenyewe, lakini ukiijua utatambua mapema kama mtu anakuahidi saa sita kwenye diski moja.

Programu za kutumia

Windows Vista na Windows 7 zilikuja na Windows DVD Maker. Kuanzia Windows 8 iliondolewa, hivyo usiitafute kwenye laptopu mpya. DVDStyler ni ya bure, hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, hupokea fomati nyingi kwa pamoja na hutengeneza menyu. Hiyo ndiyo niliyotumia.

Kama faili moja inagoma kuingia, igeuze kwanza peke yake kwa FFmpeg, ambayo pia ni ya bure. Amri yake ni fupi:

ffmpeg -i baba.3gp -target pal-dvd baba.mpg

Amri hiyo huipeleka picha, fremu na sauti kwenye kipimo cha DVD ya PAL kwa mkupuo mmoja. Kwa ya Marekani andika ntsc-dvd.

Wengi hukimbilia HandBrake. Ni programu nzuri, lakini hutoa MP4 na MKV. Haitengenezi DVD ya video.

Laptopu nyingi za sasa hazina tundu la diski. Utahitaji kichomea diski cha nje kinachochomekwa kwa USB. Ukiazima, azima pia waya wake asili, maana umeme ukiwa haba katikati ya kazi diski huharibika.

Sauti, umbo la picha na menyu

Nilisema MP4 za simu zina tatizo lake. Simu haitunzi idadi moja ya fremu. Kwenye giza hupunguza, kwenye mwanga huongeza. Ukiigeuza bila kuipangia idadi moja, mwanzoni mdomo na sauti huenda pamoja, baada ya dakika kumi mdomo umefunga na maneno bado yanakuja. Lazimisha fremu 25 zisizobadilika, kisha tazama dakika za mwisho za kila video, si za mwanzo tu.

La pili ni nguvu ya sauti. Spika za harusi zilirekodiwa kwa kishindo, mzee alirekodiwa akiongea pole pole kwenye simu ndogo. Ukiziacha zilivyo, mama ataongeza sauti amsikie mumewe, kisha ngoma ya harusi itamrusha kitini. Pandisha sauti ya video dhaifu na ushushe ile kali zikaribiane kabla ya kuchoma.

La tatu ni umbo. Video iliyochukuliwa na simu iliyosimamishwa itakuwa na weusi pande mbili. Iache hivyo. Ukiitanua ijaze skrini watu wote watanenepa. Ukiikata utawatoa vichwa. Picha za zamani za 4:3 nazo usizivute ziwe 16:9.

Kuhusu menyu, fikiria atakayeshika rimoti. Mimi niliweka vitufe vinne vikubwa vyenye maandishi meupe, na baraka za mzee zikawa za kwanza. Kama mtazamaji hasomi vizuri, acha menyu kabisa. Diski ianze yenyewe, na kila tukio liwe sura yake ili kitufe cha kuruka kifanye kazi.

Kuchoma na kujaribu

Nunua diski ya DVD-R yenye jina linalojulikana. Deki za zamani huikubali kwa urahisi. Usitumie RW kwa kazi ya kudumu, kwa kuwa hiyo hufutika.

Tumia laptopu yenye betri iliyojaa. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani diski imekwenda. Usichome kwa kasi ya juu kabisa, kasi ya 4 au 8 inatosha. Chagua programu ihakiki diski ikimaliza, na ihakikishe imefungwa rasmi. Diski isiyofungwa husomeka kwenye kompyuta iliyoichoma na kukataliwa na deki.

Kisha ijaribu kwenye deki atakayoitumia mwenyewe. Kompyuta husoma karibu kila kitu, kwa hiyo jaribio la kompyuta si jaribio. Mimi nilisafiri na diski mbili kutoka Mombasa hadi Embu. Ya kwanza ilikwama dakika ya 70 kwa sababu niliichoma kwa haraka. Ya pili ilienda hadi mwisho.

DVD ni ya kutazama, si ya kuhifadhi

Kama utasahau mengine yote, shika hili. DVD hupunguza picha. Harusi iliyorekodiwa kwa pikseli 1920 kwa 1080 inashuka hadi 720 kwa 576, na kilichotoka hakirudi. Pia diski ya kuchoma ina rangi maalumu ndani yake inayoharibiwa na jua na joto, na huku kwetu Pwani unyevu na chumvi ya hewa havisaidii. Iweke kwenye kasha lake, isimame wima, mbali na dirisha. Usibandike karatasi juu yake. Andika kwa kalamu laini ya wino, karibu na tundu la katikati.

Faili asili zitunze sehemu mbili zaidi, na moja iwe nyumba nyingine. Zetu ziko Mombasa, ziko Embu, na ziko Texas. Kila mwaka fungua moja moja uone kama bado zinacheza.

Na kama televisheni au king'amuzi cha mzee wako kina tundu la USB linalosoma MP4, jaribu flashi. Picha itakuwa safi kuliko DVD. Tulimjaribishia mama mkwe, akatazama, akashukuru, kisha akauliza diski yake iko wapi. Deki ameizoea.

Neno la mwisho: haya ni ya rekodi zenu wenyewe. Kunakili filamu au nyimbo za watu na kuuza ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001.

Siku tuliyoweka diski ile ya pili, mama mkwe alitazama baraka za mzee mara tatu kabla ya kugusa harusi. Kisha akaagiza nakala ya dada yake wa Runyenjes. Nilimchomea jioni hiyo hiyo, kwa kuwa faili zote zilikuwepo. Wahenga walisema akiba haiozi. Basi wiki hii ulizia jamaa zako nani ana video gani kwenye simu gani, na uzinakili kabla simu hizo hazijauzwa, hazijavunjika, au hazijafutwa na mtu asiyejua alichoshika.